Mawimbi Yaliyolala: Historia ya Kugawana Masafa, Ikitazamwa Kutoka Mpanda

Kila ninapoanza mada ya mali ya umma huwauliza wanafunzi wangu swali moja. Ni mali ipi ya Watanzania isiyoonekana kwa macho, isiyopungua kwa kutumiwa, na ambayo Serikali imekwisha kuuza kwa mnada haki ya kuitumia? Wengi hutaja gesi. Mmoja au wawili hutaja hewa ya ukaa. Ni nadra kumpata anayetaja masafa ya redio, ilhali kila mmoja wao ameshika mkononi kifaa kisichoweza kufanya lolote bila masafa hayo.

Gesi ukiichoma imekwisha. Masafa ukiyatumia asubuhi, mchana yapo kama yalivyokuwa. Usipoyatumia asubuhi hiyo, thamani yake imepotea na hairudi, kwa maana hakuna ghala la kuyahifadhi. Ni mali ya ajabu: kuitumia hakuimalizi, na kuiacha ni kuipoteza. Nitaisimulia hapa historia ya namna tulivyogawana mali hiyo, nikiitazama kutoka Mpanda na mkoa wa Katavi. Historia ya masafa kwa kawaida huandikwa kutoka Dar es Salaam, na anayeitazama kutoka huko huamini kwamba tatizo letu ni uhaba. Akisimama Inyonga au Karema ataona tatizo la aina nyingine kabisa.

Anayetaka kuelewa ugawaji wa masafa na aanze na reli. Mwaka 1950 tawi la reli kutoka Kaliua lilifika Mpanda. Halikujengwa kwa ajili ya Wakonongo, Wapimbwe wala Wabende. Lilijengwa kubeba risasi (ile metali, si ya bunduki, ingawa undugu wao unajulikana) kutoka mgodi wa Mpanda wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ukafungwa karibu na wakati wa uhuru, reli ikabaki, na hatimaye ikawa ya watu. Ni reli ya njia moja. Treni mbili haziwezi kuwa kwenye kipande kimoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo msimamizi ana mambo matatu tu anayoweza kuyafanya: kuzipa zamu, moja isubiri stesheni wakati nyingine inapita, kujenga njia ya pili kando ya ile ya kwanza, au kuziweka mbalimbali, kila moja kwenye kipande chake. Karne nzima ya uhandisi wa mawasiliano yasiyo na waya imezunguka humo humo: zamu, njia na umbali. Kizazi cha tatu cha simu kiliongeza mbinu ya misimbo, ambapo wengi husema kwa pamoja na kila mmoja husikilizwa kwa lugha yake. Hata hiyo ina kikomo, kama ukumbi wa harusi unavyofika mahali ambapo hakuna anayemsikia mwenzake.

Swali la kisiasa lipo ndani ya hizo mbinu tatu. Katika kila mfumo wa zamu kuna anayesubiri. Nani aliamua kwamba asubiri yeye?

Mgawanyo wa kwanza wa dunia ulifanyika bila sisi. Mataifa yalikutana Berlin mwaka 1906 kuweka kanuni za simu ya upepo, hasa kwa ajili ya meli. Wajerumani waliotutawala walijenga vituo vya simu ya upepo Dar es Salaam, Mwanza na Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 8 Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa, meli ya kivita ya Uingereza, HMS Astraea, iliishambulia Dar es Salaam, shabaha ikiwa kituo hicho cha simu ya upepo. Kwa hiyo miongoni mwa mizinga ya kwanza ya vita hiyo katika nchi yetu ilipigwa kwa ajili ya mawimbi, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka.

Mkutano wa Washington wa mwaka 1927 ndio uliotoa jedwali la kwanza la kugawa masafa kwa matumizi: haya ya meli, haya ya utangazaji, haya ya watafiti na wapenzi wa redio. Atlantic City mwaka 1947 ikaongeza chombo cha kusajili masafa kimataifa. Katika vyote hivyo mwenye kuwahi alikuwa na nguvu. Aliyesajili kwanza na kutumia kwanza alilindwa dhidi ya aliyekuja baadaye. Tanganyika, Kenya na Uganda hazikuwa mezani kwa majina yao. Zilipopata uhuru zilikuta masafa mengi mazuri ya mawimbi mafupi yamekwisha kukaliwa, kama mtu anayefika sokoni saa tano akakuta meza zote za mbele zina wenyewe.

Ndiyo maana katika mkutano wa Geneva wa mwaka 1979 nchi za Kusini zilibishana sana kuhusu kanuni hiyo ya anayewahi, zikidai mgawanyo uliopangwa mapema ili anayechelewa kuwa na uwezo asikose haki. Mjadala uliendelea Nairobi mwaka 1982, Shirika la Mawasiliano la Kimataifa lilipofanya mkutano wake mkuu hapa Afrika Mashariki. Nairobi ndiko ilikoamuliwa kuunda tume huru iliyoongozwa na Mwingereza Donald Maitland, ambayo ripoti yake ya Januari 1985 ilisema jiji la Tokyo pekee lilikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Ripoti iliweka lengo kwamba ifikapo mwanzoni mwa karne ya 21 kila mwanadamu awe karibu na simu. Wanafunzi wa utumishi wa umma na waisome. Ni mojawapo ya nyaraka chache za wakati ule zilizosema wazi kwamba kukosa simu ni matokeo ya maamuzi.

Nyumbani, mgawanyo ulichukua sura yake. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, ukawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti ilikuwa moja, kwa hiyo kilichogawanywa ni saa. Taarifa ya habari ilikuwa na saa yake, matangazo ya vifo saa yake, kilimo saa yake. Saa nyingine zilitolewa kwa wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika: FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine walipewa muda wa kuzungumza na watu wao kupitia mitambo yetu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Katika hesabu ya uhandisi huo ni ufanisi usio na kifani: mkondo mmoja, wasikilizaji milioni 2, hakuna hata mmoja anayemzuia mwenzake. Mawimbi ya utangazaji hayagawanyiki kwa idadi ya wasikilizaji.

Nisieleweke vibaya. Mkondo mmoja ulikuwa pia na mlinda mlango mmoja. Aliyekuwa na la kusema tofauti na Chama hakupata saa yoyote, na mwanakijiji alikuwa na sikio tu, hakuwa na mdomo. Wanaoikumbuka RTD kwa machozi ya furaha huwa wanaikumbuka kama wasikilizaji.

Mfumo uliompa mtu wa pembezoni mdomo ulikuwa mwingine, nao haujaandikiwa historia inayostahili: redio ya upepo ya misheni, hospitali, mbuga na vituo vya polisi. Katika maeneo kama ya magharibi mwa Tanzania, ambako Hifadhi ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974 na makazi ya wakimbizi wa Burundi yakaanzishwa Katumba mwaka 1972 na Mishamo mwaka 1978, masafa mafupi yalikuwa kamba iliyowaunganisha watu na makao makuu yao. Wengi walitumia mkondo mmoja. Hakukuwa na kompyuta ya kuwapanga. Kulikuwa na saa maalumu ya kila kituo, kulikuwa na desturi ya kusikiliza kwanza kabla ya kubonyeza, kulikuwa na neno la kumaliza zamu, na kulikuwa na kanuni iliyoheshimiwa na wote kwamba mwenye mgonjwa mahututi huvunja foleni. Wahandisi wa leo huandika tasnifu nzima kuhusu namna ya kutanguliza ujumbe wa dharura. Watumiaji wa redio ya upepo walikuwa wamekwisha kulimaliza jambo hilo kwa adabu.

Simu ya waya naipita haraka. Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977, tukaunda letu. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria zilizofungua mawasiliano na utangazaji kwa wawekezaji binafsi, shirika likagawanywa, na tume za kusimamia sekta zikaundwa. Mwaka 1994 Mobitel ikaanza simu za mkononi Dar es Salaam. Vodacom ikaja mwaka 2000, Celtel mwaka 2001. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikaanza kazi mwaka 2003. Kuanzia hapo neno “masafa” likaacha kuwa la mafundi wa redio, likawa la wanasheria na wahasibu.

Hapa inabidi tuingie kwenye hesabu, na namwomba msomaji asiyependa hesabu avumilie kidogo, kwa sababu siasa yote imefichwa humo.

Simu za kizazi cha pili, ambazo ndizo zilizofika vijijini kwetu, zilipewa katika ukanda wa megahezi 900 upana wa megahezi 25 kwa kwenda na 25 kwa kurudi. Upana huo hukatwa vipande vya kilohezi 200, vikapatikana vipande 124. Kila kipande kimegawanywa tena kwa muda kuwa nafasi nane zinazopokezana haraka kiasi kwamba sikio halitambui. Kampuni zikiwa tatu au nne, kila moja hupata vipande kati ya 30 na 40. Lakini kampuni haiwezi kuvitumia vyote kwenye mnara mmoja mjini, kwa sababu minara iliyo jirani ikitumia kipande kimoja itaingiliana. Kwa hiyo Kariakoo mnara hutumia vichache, wa jirani vingine, wa mbali kidogo hurudia vile vya kwanza. Wazo hilo la kurudia masafa kwa umbali lilitoka kwa wahandisi wa Bell Labs mwaka 1947. Mjini, basi, masafa ni haba kweli. Watu wamebanana, minara imebanana, na kila kipande kina kazi.

Sasa twende kwenye mnara ulio peke yake katikati ya miombo ya Mlele. Hakuna mnara jirani wa kuingiliana nao. Vipande vyote vya kampuni viko huru. Lakini kila kipande kinahitaji mtambo wake wa kurushia, na mtambo unataka fedha na umeme. Mpanda yenyewe kwa miaka mingi iliendeshwa kwa jenereta za dizeli. Fikiria mnara wa porini. Kwa hiyo, pale wateja walipo wachache, mwekezaji anaweza kufunga mtambo mmoja tu. Nafasi nane, moja ikatumika kwa uongozi wa mtandao, zikabaki saba za kuzungumzia. Mtu wa nane akipiga, simu inakata. Mafundi wanaweza kubana sauti ili nafasi moja ibebe wawili, na ndiyo sababu moja ya sauti ile ya kukwaruza tunayoisikia.

Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukokotoa ni watu wangapi wanaweza kuhudumiwa na mikondo mingapi. Tuitumie. Tuseme kila mtu huzungumza dakika mbili katika saa ile yenye shughuli nyingi, na tunakubali simu 2 kati ya 100 zishindwe. Nafasi saba zitawatosha watu 88 hivi. Nafasi 14 zitawatosha watu 246. Angalia vizuri: tumezidisha nafasi mara mbili, watu wakaongezeka karibu mara tatu. Nafasi zilizowekwa pamoja hufanya kazi kuliko zilizotawanywa, kwa kuwa mmoja anapokuwa kimya nafasi yake inamsaidia mwingine.

Na hapa ndipo penye uchungu. Tuseme kampuni tatu zimeweka kila moja mtambo wake wa nafasi saba kwenye kata moja. Jumla ni nafasi 21, na watu wanaohudumiwa ni 88 mara tatu, yaani 264. Nafasi zile zile 21 zikiwa kapu moja, kwa kanuni ile ile, zingewatosha watu wapatao 421. Watu zaidi ya 150 wamekosa simu pasipo masafa kupungua, pasipo mtambo kuharibika na pasipo mtu kufanya kosa. Wamekosa kwa sababu kapu limekatwa vipande vitatu.

Mjini hasara hiyo ni ndogo, maana kila kampuni ina nafasi nyingi, na kapu kubwa likigawanywa bado ni kapu kubwa. Kijijini ndiko mgawanyo unakouma. Tumechukua mfumo uliobuniwa kwa ajili ya msongamano tukaupeleka mahali pasipo na msongamano, kisha tukashangaa kwamba mtu wa Mishamo anapanda kichuguu kutafuta mtandao.

Sensa ya mwaka 2022 iliihesabia Katavi watu 1,152,958 katika eneo la kilomita za mraba 45,843, wastani wa watu 25 hivi kwa kila kilomita ya mraba. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 katika kilomita za mraba 1,393, zaidi ya 3,800 kwa kila moja. Sheria moja ya masafa na aina moja ya cheti hutawala sehemu zote mbili. Tena Katavi, iliyomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ilikuwa na watu 564,604 mwaka huo. Wameongezeka maradufu katika miaka kumi, wengi wakiwa wafugaji na wakulima waliohamia ndani ya misitu na mabonde, mbali na barabara kuu ambako minara hupenda kusimama.

Namna ya kutoa haki ya masafa nayo imebadilika. Mwaka 1959 mchumi Ronald Coase aliandika kwamba serikali iache kuyagawa masafa kwa upendeleo iyauze kwa anayeyathamini zaidi. Alichekwa. Miaka thelathini baadaye New Zealand ikaanza kufanya hivyo, Marekani ikafuata mwaka 1994. Sisi tulizima televisheni ya analojia kuanzia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, tukafungua masafa ya megahezi 700, na mwezi Juni 2018 TCRA ikayapiga mnada. Mnada wa Oktoba 2022, uliohusisha pia masafa ya juu yanayofaa kizazi cha tano, uliingiza takribani dola za Marekani milioni 187.

Siupingi mnada. Kabla yake ugawaji wa leseni katika Afrika yetu ulitegemea sana nani anamjua nani, na mnada walau huonesha bei hadharani. Ninachouliza ni nini hasa kinachonunuliwa. Anayenunua kipande cha megahezi 700 kitaifa hulipa bei inayotokana na Dar es Salaam, Mwanza na Arusha. Katavi huja kama nyongeza, kama kipande cha utumbo anachokutilia mchinjaji juu ya kilo ya nyama. Akishanunua, hakuna mwingine anayeweza kuyatumia masafa hayo Karema hata kama yeye hatafika Karema kwa miaka mingi. Na hayo ya 700 ndiyo yanayosafiri mbali, ndiyo yangefaa zaidi nchi pana yenye watu wachache. (Kwa simu janja, bila shaka. Kitochi hakiyajui.)

Wataalamu wa TCRA watanijibu, kwa haki, kwamba masharti ya kueneza huduma yapo. Lakini ueneaji hupimwa kwa namna mbili, kwa watu na kwa ardhi, na tunapenda kutangaza ule wa watu kwa kuwa tarakimu yake ni nzuri. Katika nchi ambayo watu wengi wamerundikana mijini na kandokando ya barabara, kampuni inaweza kuifikia sehemu kubwa sana ya watu na bado nusu ya Mlele ikawa kimya.

Watanijibu pia kwamba upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006. Ni kweli, na umefanya kazi kubwa. Mwezi Mei 2023 zilisainiwa kandarasi za minara 758 katika kata 713, na kwa wananchi wengi wa pembezoni hiyo ilikuwa habari njema kuliko bajeti nzima. Hata hivyo mantiki yake inashangaza ukiitafakari. Tunampa mtu haki ya kipekee ya mawimbi ya nchi nzima, kisha tunamlipa ruzuku ayatumie pale asipotaka kuyatumia. Hatujawahi kumuuliza: kama huyataki hapo, kwa nini usiyaachie?

Katika ardhi tumeliuliza swali hilo zamani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na anayepewa hati hupewa kwa masharti ya kuiendeleza. Akiiacha pori, hati inaweza kufutwa. Tumeona mashamba makubwa yakirudishwa kwa wananchi kwa hoja hiyo. Masafa ni mali ya umma kwa maana ile ile, na yanafanana na ardhi isipokuwa katika jambo moja linalorahisisha kazi: kuyatwaa hakumwondoi mtu nyumbani kwake, wala hakuna miembe ya kulipia fidia.

Kinachohitajika hakiko mbali. Mfumo wetu wa leseni wa mwaka 2005 tayari ulitambua ngazi nne za soko: kimataifa, kitaifa, kimkoa na kiwilaya. Ngazi ya wilaya imetumika katika utangazaji, na redio za jamii, Mpanda Radio ikiwa mojawapo, ni ushahidi kwamba mtu wa wilayani anaweza kukabidhiwa mawimbi asiangushe nchi. Katika simu ngazi hiyo haijapata maana. Kenya mwaka 2021 iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya mawasiliano inayomilikiwa na jamii yenyewe. Kwetu, mwaka 2013 masafa matupu yaliyo katikati ya chaneli za televisheni yalijaribiwa na COSTECH pamoja na Microsoft na UhuruOne, tena Dar es Salaam, mahali ambapo masafa matupu ni machache kuliko popote! Baadaye wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dodoma waliyapeleka Kondoa, na hiyo ndiyo njia niliyotarajia. Na katikati ya muongo uliopita Airtel, Tigo na Vodacom zilijaribu katika vituo vichache vya vijijini kile ambacho kanuni ya Erlang inakidai, yaani mteja wa kampuni yoyote apokelewe na mtandao wowote uliopo. Leo kampuni nyingi hukodi mnara mmoja kwa pamoja, zikaokoa chuma na dizeli. Ukiinua macho utaona antena za kila kampuni zikiwa zimening'inia mbalimbali kwenye chuma hicho kimoja. Tumeshirikiana mnara, hatujashirikiana mawimbi.

Anayedhani hili ni suala la mabando na burudani na afikirie mfumo wa m-mama. Mama mjamzito au mzazi anayepata dharura, yeye au mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo, na waratibu wanamtafutia usafiri, hata gari la mtu binafsi lililosajiliwa ikiwa gari la wagonjwa halipo. Ni mpango mzuri uliosambazwa nchini kote. Hatua yake ya kwanza ni simu kupita. Wakati wa redio ya upepo mwenye mgonjwa alivunja foleni kwa kuwa wote walikuwa kwenye mkondo mmoja na wote walimsikia. Sasa zahanati ikiwa kwenye kivuli cha mnara wa kampuni moja, mwenye laini ya kampuni nyingine hana foleni ya kuivunja.

Kuna mlango mwingine unaofunguka, na watumishi wa wizara na wa TCRA wanaosoma hapa wanaufahamu kuliko mimi. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa Dubai wa mwaka 2023 uliweka kwenye ajenda ya mkutano ujao, wa mwaka 2027, suala la setilaiti kuzungumza moja kwa moja na simu za kawaida kwa kutumia masafa yaliyotengwa kwa mitandao ya ardhini. Masafa yatakayotafutwa kwanza kwa kazi hiyo ni yale yaliyolala, na Katavi inayo mengi. Setilaiti itakapotaka kuyatumia juu ya Mlele na Ziwa Tanganyika itahitaji ridhaa. Kwa vyeti vya kitaifa kama vilivyo, mazungumzo ya kibiashara yatakuwa kati ya kampuni ya setilaiti na kampuni yenye cheti, na aliyeyaacha masafa bila kuyatumia ndiye atakayelipwa kwa kuyaachia. Msimamo wa Tanzania kwa mkutano huo unaandaliwa sasa, pamoja na majirani zetu. Ningependa kujua iwapo ndani yake yumo mtu aliyehesabu vipande vilivyo kimya, wilaya kwa wilaya.